Ndevu Nusu, Sinema Nzima

Kwa Skrini watu hawakwenda kunyolewa tu. Kunyolewa ungenyolewa popote. Mtaa ule ulikuwa na vinyozi wengi kuliko vichwa. Kwa Skrini ulikwenda kusikia sinema. Ukishakaa kwenye kile kiti chake cha ngozi iliyochanika, ukafungwa shuka shingoni na kupakwa povu, kabla brashi haijarudi kwenye bakuli umeshatumbukizwa ndani ya mkasa. Fulani kamsaliti fulani, gari limepinduka, taa zimezimika, mlango unagongwa, na nani yuko nje? Hapo Skrini ananyamaza, anaupangusa wembe taratibu, anakuacha uteseke.

Alikuwa kijana mrefu, mwembamba kama mpini wa ufagio, mwenye vidole vya dhahabu na mdomo usio na breki. Siku yake ya mapumziko hakwenda mpirani wala hakulala. Alikwenda kwenye ukumbi wa sinema, akakaa safu za mbele kabisa, shingo juu kama kuku anayemeza maji, na mfuko wa bisi mapajani. Bisi zile hakuzila ovyo. Sinema ikiwa nzuri alisahau kwamba ana mdomo, akarudi nyumbani na mfuko umejaa. Sinema ikiwa mbaya aliumaliza kabla maiti ya kwanza haijapoa. Mwenzake wa kazini, kinyozi mmoja mpole aliyeitwa Kipara, naye hakuitwa hivyo kwa kuonewa, alikuwa akiuangalia mfuko tu kesho yake asubuhi na kujua wiki itakuwaje.

Kipara huyohuyo ndiye aliyeijua siri ya mwenzake: sinema za Skrini zilikuwa tamu kuliko sinema zenyewe. Aliwahi kwenda kuitazama moja baada ya kuhadithiwa, akarudi amenuna.

"Yule mbwa aliyevuka mto kumtafuta bwana wake yuko wapi?"

"Hukumwona?"

"Nimekaa mpaka mwisho. Hakuna mbwa. Hata mto hakuna."

"Basi utakuwa ulisinzia," alisema Skrini bila kupepesa macho, akaendelea kunoa mkasi.

Haikuwa kwamba ana nia ya kumdanganya mtu. Alikuwa akiiona sinema, na palipokuwa na tundu alilishona, kama fundi cherehani mwenye huruma aliyeletewa shati la mtu mwingine. Kufika kesho yake, hata yeye alikuwa hajui tena kiraka kiko wapi na kitambaa kiko wapi.

Sasa, mwaka huo Skrini alikuwa na jambo lililozidi sinema zote. Alitaka kuoa. Binti mwenyewe aliuza kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara, msichana wa maneno machache na macho ya kucheka, ambaye alianza kumpenda kwa kumsikia kabla ya kumwona, maana sauti ya Skrini ilivuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto. Mama wa binti hakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa baba.

Baba alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, na watu wa mtaani kwake, si mtaa wa Skrini, walimwita Mzee wa Stoo. Alikuwa ametumia maisha yake yote kwenye mlango mmoja, akiangalia kinachoingia na kinachotoka. Ukimwambia Mzee wa Stoo kwamba nje kunanyesha, atatoka kwanza akanyooshe mkono.

"Baba hataki kuletewa mtu aliyevaa suti anatabasamu," binti alimwambia Skrini. "Amesema mzigo haupokelewi bila kufunguliwa. Atakuja mwenyewe saluni, siku anayoijua yeye, akuone ukiwa kazini."

"Mimi nitamjuaje?"

"Hutamjua. Ndiyo maana yake hiyo."

"Nipe basi hata alama ndogo, mama."

"Ana ndevu. Nyingi. Anazo tangu sijazaliwa, na mama amemsihi azitoe mpaka amechoka. Amesema atakuachia wewe uzinyoe zote. Fundi hupimwa kwa kitu chako mwenyewe, si kwa cha jirani." Binti akamnyooshea kidole. "Na akija, funga mdomo wako. Mnyoe, mshukuru, aondoke. Usimpe sinema."

"Hata fupi?"

"Hata tangazo."

Skrini akaapa. Na kwa muda fulani alikitunza kiapo chake mpaka kikawa ugonjwa. Kila mwanaume mwenye ndevu aliyeingia saluni mle akiwa kimya alipokewa kama balozi. Mlevi mmoja mwenye ndevu za kusahau alipewa taulo la moto mara tatu na kusindikizwa mpaka barabarani kwa "karibu tena, baba". Tangu hapo akawa anakuja kila siku kuomba taulo. Fundi wa friji aliyeingia kuuliza njia alikandwa mabega. Wateja wa kawaida wakaanza kunung'unika: wananyolewa kimya, kama wako msibani.

Halafu ikaja ile sinema ya muuaji wa glavu nyeupe, na Skrini akarudi na mfuko wa bisi umejaa pomoni.

Kesho yake asubuhi kiapo kilikuwa kimeyeyuka. Saluni ilijaa mpaka mlangoni, na Skrini, wembe mkononi, alikuwa keshafika mbali.

"Nisikilizeni. Ni sinema ya hovyo, na ni tamu kuliko zote nilizowahi kuona. Mtu karani wa benki, mpole, mchana anawapigia watu mihuri na kuwaambia ahsante karibu. Jioni anavaa glavu zake nyeupe, anatoka kuwatafuta waliomdhulumu, mmoja baada ya mwingine. Kwa wembe! Na damu, jamani! Mtu anakatwa sebuleni, ukuta wa jirani unalowa. Damu ile mtu mmoja anaitoa wapi? Ungeipeleka hospitali, wodi nzima ingesimama kucheza."

"Na askari hawapo?" mmoja aliuliza.

"Yupo mpelelezi. Ananyeshewa na mvua tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu ana akili ya kumsaka muuaji kwa harufu ya sabuni, lakini mwavuli haujui. Aliyefuata, karibu kitini!"

Aliyefuata akakaa. Alikuwa mzee mpana, kimya, mwenye ndevu zilizofika kwenye kifungo cha pili cha shati. Kabla ya kukaa alikuwa amepitisha kidole juu ya rafu kutazama vumbi, akaigeuza chupa ya spiriti kusoma tarehe ya mwisho ya matumizi, na akakitikisa kiti kuona kama miguu yote inakaa chini sawasawa. Kipara aliyaona yote hayo. Akamkonyeza Skrini. Akapandisha nyusi, akazishusha, akazipandisha tena. Skrini akadhani mwenzake kaingiwa na nywele jichoni.

"Zote?" aliuliza, akimfunga mzee shuka.

"Zote," alisema mzee.

Mkasi ukapita kwanza, ndevu zikaanguka kwa mafungu. Kisha povu. Kisha wembe ukaanza upande wa kulia, laini kama kidole kwenye maziwa, na mdomo nao ukaanza pale ulipoachia.

"Sasa kuna mahali pamoja, hapo ndipo waliponimaliza. Jamaa anarudi nyumbani alfajiri. Kumbe anaishi na mama yake. Mama bibi mdogo hivi, hasemi mengi. Anamvua mwanawe shati, anasema, lete nilifue. Anaona doa. Anauliza, mwanangu, hili nini? Jamaa anasema, nyanya, mama. Yule mama anaangalia doa. Anamwangalia mwanawe. Halafu anasema, nyanya za siku hizi hazitoki upesi. Basi. Analifua, analianika, analipiga pasi. Polepole. Mikono, kola, mgongo. Na unaona, jamani, unaona kabisa kwamba anajua."

Waliosimama mlangoni walisogea ndani. Hata feni ilionekana kuzunguka kwa adabu. Mzee kitini alikuwa amefumba macho, na upande wake wa kulia ulikuwa umemalizika, weupe wa povu umeondoka, ngozi inang'aa kama yai. Kama Skrini angeishia hapo, leo kusingekuwa na la kusimulia.

"Lakini nina ugomvi nao mmoja," alisema Skrini, "nao ni wa kikazi."

Kipara akakohoa. Akaangusha kitana makusudi.

"Yule muuaji anashika wembe kama kijiko! Mtu yule hajawahi kunyoa hata embe. Anatokea nyuma ya mtu, hivi," na Skrini akazunguka nyuma ya kiti, "anamwinua kidevu, hivi," akakiinua kidevu cha mzee, "halafu anaanzia hapa katikati. Katikati! Hapa ni pagumu, hapa utahangaika mpaka majirani waamke. Mtu anayejua kazi anaanzia hapa, chini ya sikio, anausikia mshipa unavyogonga, halafu anashuka nao hivi, mara moja, hata mwenyewe hajui kama..."

Koromeo la mzee lilipanda juu, likakaa huko, halikushuka.

Halafu mzee mwenyewe akapanda. Hakuna aliyejua mtu mpana namna ile anaweza kuondoka kitini bila kuutikisa wembe. Aliteleza chini ya mkono wa Skrini kama gunia linaloshushwa garini, akatoka mlangoni na shuka shingoni, povu upande mmoja, akavuka barabara kwa hatua za mtu asiyetaka kuonekana anakimbia. Shuka likapepea nyuma yake mpaka likapotea kwenye kona.

"Kafanya nini huyu?" Skrini aliuliza. "Hata sijafika mwisho."

Kipara akaokota kitana chake. "Rafiki yangu," alisema, "umemnyoa mkweo nusu."

Simu ya binti ilikuja baada ya muda mfupi.

"Baba yuko chumbani. Kajifungia. Upande mmoja ni babu, upande mwingine ni mtoto wa shule. Mama akimwangalia anatoka nje kucheka, akirudi anamwangalia upande mwingine. Ulimwambia nini?"

"Nilikuwa... nilikuwa naeleza kazi."

"Kazi gani inaelezwa kwa kumwonyesha mtu pa kumchinjia?"

Skrini akakaa kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja. Ameshaoa katika ndoto zake, ameshanunua pazia, na sasa mdomo umemponza. Alimwambia Kipara kwamba atahama mji. Kipara akamwambia ahame, lakini kwanza amalize foleni.

Mzee wa Stoo naye hakwenda kwa kinyozi mwingine. Mtu wa misimamo hapokei kazi nusu halafu akampa mwingine aimalize, kesho likitokea kosa kila mtu anamsukumia mwenzake. Wala hakukubali kuumalizia mwenyewe upande uliobaki. Alijifunga skafu kidevuni mpaka masikioni, akaenda kazini, akawaambia wenzake jino linamuuma. Basi wenzake, watu wema kupita kiasi, wakaanza kumiminika duka la dawa kumnunulia dawa ya jino. Wakaipata kwa nani? Kwa binti yake. Binti aliwafungia vidonge akiwa amejiuma midomo, na kila mmoja akamwuliza mbona hana huruma na baba yake.

Mwisho wa wiki mzee aliondoka nyumbani mchana na skafu yake, akasema anakwenda kukagua kitu. Hakusema kitu gani. Aliporudi aliketi muda mrefu barazani, kisha akamwambia binti: "Mwite yule mtu. Aje hapa nyumbani amalize alichoanza."

Binti alimpokea Skrini mlangoni kesho yake alasiri. "Leo wewe ni bubu," alimnong'oneza. "Ukifungua mdomo tu, mimi na wewe basi. Siyo utani."

Kiti kilikuwa kimewekwa sebuleni karibu na dirisha, juu ya nailoni iliyotandikwa vizuri, pembe zake nne zimebanwa kwa makopo ya rangi. Lile shuka la saluni lilikuwa limefuliwa na kukunjwa. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mama alikuwa huko akiosha vyombo ambavyo vilishakuwa safi. Mzee alikaa, akavua skafu. Skrini akamwangalia, akameza kicheko kwa nguvu zote alizozaliwa nazo, akachanganya povu.

Alinyoa. Kimya. Ungesikia wembe ukipita kama mtu anayefagia uwanja wa mbali.

"Leo huna sauti?" mzee aliuliza kwa pembe ya mdomo.

"Kazi, mzee."

"Hm."

Wembe ukashuka shavuni.

"Nimekwenda," alisema mzee.

"Wapi, mzee?"

"Kuiona."

Nyuma ya pazia la korido binti akakohoa. "Na wewe acha kukohoa huko," alisema mzee. "Kama una kifua unajua dawa zinauzwa wapi." Akamgeukia Skrini kidogo. "Ile sinema ina kasoro. Yule wa kwenye lifti ameuawa, maiti yake haikuonekana tena. Imekwenda wapi? Hakuna anayeuliza. Mpelelezi anapiga risasi jioni nzima hajaongeza hata moja. Mvua ile sawa, ulisema kweli, mwavuli hana. Wembe kaushika kama kijiko, hapo pia nakuunga mkono, niliona mwenyewe. Lakini kuna kitu hakipo."

Mkono wa Skrini ulisimama hewani.

"Mama," alisema mzee. "Nimemngoja yule mama. Nilisema atakuja sasa hivi, atakuja baadaye. Wameuana mpaka wameisha. Taa zikawashwa, mfagiaji akaja akaniambia, mzee, imekwisha. Nikamwambia, bado mama. Akanitazama hivi." Akamwonyesha, kwa uso wa povu, jinsi alivyotazamwa. "Yuko wapi?"

Kuna watu ambao wangesema labda mzee alisinzia. Skrini mwenyewe, wiki moja nyuma, angekuwa wa kwanza. Lakini pazia la korido lilikuwa limetulia kabisa, na miguu ya binti ilionekana chini yake, vidole vimekunjwa.

"Hayumo, mzee."

"Najua hayumo! Nimetoka huko. Nakuuliza yuko wapi."

Skrini akauweka wembe mezani. "Mzee, wewe uliiona ile alfajiri ya pili, jamaa anapokwenda benki?"

"Niliiona."

"Amevaaje?"

Mzee akafumba macho. "Shati jeupe."

"Limekunjamana?"

Huko jikoni maji yalifungwa.

"Limenyooka," mzee alisema taratibu. "Mikono ina mistari."

"Mtu kaua watu usiku kucha, mzee. Kapanda ukuta, kaanguka kwenye mtaro. Asubuhi shati limenyooka. Mimi niliona lile shati, nikamwona na yule mama. Sikumwongeza. Wao ndio walisahau kumwonyesha."

Mzee wa Stoo alifungua macho. Aliitazama dari muda mrefu, kama mtu anayerudia mahesabu ya mwaka mzima toka juu hadi chini.

"Shati limetoka limepigwa pasi," alisema mwishowe. "Kitu hakitoki kama hakikuingia. Kuna mtu alilipiga pasi." Akatikisa kichwa polepole. "Alikuwepo."

"Alikuwepo, mzee."

"Wajinga wale. Kazi yote ile, damu mapipa kwa mapipa, halafu aliyefua hawamwonyeshi." Akainua kidevu. "Malizia. Lakini sikiliza: hapa nyumbani, wembe ukiwa juu ya shingo, hakuna hadithi. Hadithi wembe ukiwa mezani. Umenielewa? Na wazee wako waambie waje tuzungumze. Waje na yule mwenzako mwenye kipara, ana akili."

Pazia la korido likatoa sauti ndogo ambayo haikuwa kikohozi. Skrini akauchukua wembe tena, akaunoa kwanza, maana siku hiyo haikuwa siku ya kumkata mtu. Akamaliza. Akapangusa. Akakaa pembeni.

Mama akatoka jikoni, mikono inachuruzika maji. Kidevu alichokisihi kwa miaka yote ile kilikuwa mbele yake, kidogo, cha mviringo, kina kishimo katikati. Hakukitazama.

"Sasa yule mama," alimwuliza mumewe, "hatimaye alikwenda kusema polisi au hakusema?"

Skrini akamtazama mzee. Mzee akatazama kopo la rangi.

"Mimi umenihadithia mpaka anapiga pasi," mama alisema. "Tangu siku ile uliyorudi na shuka. Umenikalisha usiku kucha namfikiria mtoto wa mwenzangu, halafu umekwenda kuangalia mwisho wake, umerudi umenyamaza. Alisema au hakusema?"

Mzee wa Stoo alijipapasa kidevu chake kipya. Akakohoa.

"Hakusema," alijibu. "Alihama. Alikwenda kukaa kwa... kwa dada yake."

"Mkubwa au mdogo?"

Mzee akamgeukia kinyozi, na kwa mara ya kwanza tangu waonane, macho yake yaliomba msaada.

"Mdogo, baba," alisema Skrini.

"Mdogo," mzee alikubali, akivuta kiti karibu. "Kaa nikwambie, mama. Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika. Akachukua pasi yake tu, akaiacha nyumba wazi..."